Kifua kinachowaka usiku: jibu kwa mwalimu wa Luanda

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Luanda, kaunti ya Vihiga, na nina miaka 46. Nikitoka kusimamia masomo ya jioni hula saa tatu usiku, na saa nne niko kitandani. Muda si muda kifua huanza kuwaka kutoka chembe cha moyo hadi kooni, na maji machungu hupanda mdomoni. Asubuhi sauti hukwaruza hadi kipindi cha pili. Kwenye duka la dawa waliniambia ni alsa, wakanipa omeprazole, nami huimeza kifua kinapoanza kuwaka. Nimeacha maharagwe, parachichi na pilipili. Usiku hunywa kikombe kikubwa cha maziwa, na moto ukizidi huyeyusha magadi kidogo kwenye maji. Natumia amlodipine ya presha na diclofenac ya goti. Nataka kuelewa: asidi hii inatoka wapi, na mbona haiuchomi mfuko wa tumbo ambamo imo siku zote? Halafu, baba yangu mdogo alikufa kwa saratani ya umio. Je, mimi niko kwenye njia hiyo hiyo?

Jibu: Pole, Mwalimu, kwa kumpoteza baba mdogo. Acha nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko asidi yenyewe. Hukusema chakula kinakwama ukimeza, wala kwamba unakonda, wala kwamba umetapika damu. Unachoeleza ni kiungulia cha mtu ambaye asidi yake hupanda akilala. Na aina ya saratani ya umio iliyozoeleka pande zetu hizi, ambayo yaelekea ndiyo iliyomchukua baba mdogo, kwa kawaida haitokani na kiungulia. Nitaieleza kwa urefu huko mbele, pamoja na dalili ambazo ukiziona usingoje. Kwanza tuuangalie umio wenyewe, kwa sababu ukiuelewa, mengi kati ya hayo unayofanya usiku utayaacha bila kusukumwa na mtu.

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima. Unaanzia kooni, unashuka nyuma ya bomba la hewa, unapita nyuma ya moyo, kisha unapenya tundu lililo kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukishavuka hapo unaungana na mfuko wa tumbo. Sehemu ya kumeza unayoiamuru wewe ni fupi mno. Ulimi husukuma tonge nyuma, kifuniko kidogo huziba njia ya hewa, na kutoka hapo umio hufanya kazi bila kukuuliza. Theluthi yake ya juu ina misuli ya aina iliyo mikononi mwako, lakini kadiri unavyoshuka inapisha misuli laini kama ya utumbo, ambayo huwezi kuiamuru hata ukitaka.

Chakula hakidondoki tu kwenda chini. Kama umewahi kukamua ng'ombe unajua jinsi vidole vinavyofunga kimoja baada ya kingine kutoka juu, na maziwa yakashuka kwa sababu nyuma yake pamebanwa. Umio hulibana tonge vivyo hivyo, pete ya msuli baada ya pete ya msuli, na kwa tonge la kawaida safari nzima huchukua sekunde 8 hadi 10. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala chali hospitalini anaweza kulishwa na chakula kikafika. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kitu kikibaki njiani, au kikirudi kutoka chini, umio huanzisha wimbi jingine la kukisukuma hata kama hujameza chochote. Wimbi hilo la kusafisha ni kinga yako kubwa dhidi ya asidi.

Mwisho wa umio pana msuli wa pete. Muda mwingi huwa umefunga. Unapomeza hulegea, tonge likapita, ukafunga tena. Kiwambo nacho huuzunguka hapo hapo na kuukaza kwa nje, hasa unapokohoa au kuinua ndoo ya maji. Ulinzi huu wa pamoja unahitajika kwa sababu shinikizo ndani ya kifua ni dogo kuliko la tumboni, na kila unapovuta pumzi tofauti hiyo huongezeka. Kila pumzi, basi, hujaribu kuvuta juu vilivyo tumboni. Kwa baadhi ya watu, hasa umri unaposogea au uzito unapoongezeka, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo huteleza kupitia lile tundu la kiwambo ikaingia kifuani. Hiyo ni ngiri ya kiwambo. Msuli wa pete na kiwambo huachana, kila mmoja akabaki na kazi yake peke yake, na asidi hupata nafasi.

Sasa swali lako kuhusu asidi, ambalo ni swali zuri sana. Mfuko wa tumbo hutoa takriban lita 2 za maji ya kumeng'enya chakula kila siku, yenye asidi ya haidrokloriki. Ni asidi kali kweli, na inatufaa: inaua vijidudu vingi tunavyomeza pamoja na chakula na maji, na inaanza kuvunja protini za samaki na nyama. Haiuchomi mfuko wenyewe kwa sababu ukuta wake umefunikwa kwa ute mzito wenye bikaboneti, kemikali inayozima asidi, na seli zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Umio hauna ute wa namna hiyo. Ndani yake ni ngozi laini inayofanana na ya ndani ya shavu. Asidi ikikaa juu ya ngozi hiyo hupenya kati ya seli na kufikia ncha za neva, nawe unaungua. Si lazima pawe na kidonda. Zaidi ya nusu ya watu wenye kiungulia cha mara kwa mara wakipimwa kwa kamera ndogo inayopitishwa kooni, umio wao huonekana mzima, ilhali maumivu yao ni ya kweli kabisa. Ninalisema hili kwa sababu nimeona watu wakirudi nyumbani na majibu ya kipimo yanayosema hakuna kitu, na jamaa zao wakaanza kuwaona kama wanaojifanya wagonjwa.

Kwa nini usiku? Umio hujiokoa kwa njia tatu. Uzito wa asidi huirudisha chini ukiwa umesimama. Kumeza huisukuma. Mate, ambayo mwili hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, yana bikaboneti ya kuizima ile iliyosalia. Ukilala, njia zote tatu hudhoofika kwa mpigo mmoja: umelala bapa, humezi ila mara chache, na mate karibu yanakauka. Asidi ambayo mchana ingeondoka kwa dakika chache hukaa muda mrefu zaidi, na ikifika juu kabisa huwasha nyuzi za sauti. Sauti yako ya asubuhi yaelekea inatoka huko.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Watu wengi wenye kiungulia hawana asidi nyingi kuliko jirani zao wanaolala vizuri. Kilichobadilika ni msuli wa pete, unaofunguka wakati usiofaa. Mfuko wa tumbo ukijaa na kutanuka, hasa sehemu yake ya juu, neva hupeleka habari, na msuli wa pete hulegea kwa sekunde 10 au zaidi bila wewe kumeza. Jambo hilo lina kazi yake. Ndivyo gesi inavyotoka mtu akapiga mbweu. Wote tunalo. Ila ukiwa umeshiba sana, ukalala, kinachotoka hakiwi gesi peke yake. Tena baada ya mlo, asidi mpya inayotolewa huelekea kukaa juu ya chakula, karibu kabisa na msuli huo, badala ya kuchanganyika nacho chote. Yaani saa moja au mbili baada ya kula ndipo asidi kali inapokuwa mlangoni.

Mlo wa mchanganyiko huchukua takriban saa nne kuondoka kwenye mfuko wa tumbo, na wenye mafuta mengi huchelewa zaidi. Wewe unakula saa tatu usiku, unalala saa nne. Unalala mfuko ukiwa umejaa, na juu ya hapo unaongeza kikombe kikubwa cha maziwa. Hata kama ungekula mchele mkavu bila chumvi, ratiba hiyo ingekuchoma.

Kwa hiyo wazo langu la kwanza linahusu saa, kabla ya vyakula. Kama huwezi kutoka kwenye masomo ya jioni mapema, kula chakula kikuu kabla ya kwenda, saa kumi na mbili au saa moja jioni, hata ikibidi ukibebe kwenye kontena. Ukirudi saa tatu, kula kidogo tu kama njaa inauma: ndizi, au kipande cha kiazi kitamu. Acha muda wa saa tatu nzima kati ya mlo mkubwa na kulala. Najua nyumbani kwetu magharibi mwa Kenya ugali wa usiku ndio mlo wa familia, na mama watoto anaweza kuona kama umekataa chakula chake. Mweleze sababu, mketi pamoja, ule tonge mbili tatu za kushirikiana nao. Ugali hauna kosa. Kosa ni mlima wa ugali saa tatu usiku.

Maharagwe yarudishe. Parachichi lirudishe pia, kipande, mchana. Inaniuma kuona watu wazima wanaishi miaka kwa viazi vilivyopondwa na maziwa kwa sababu mtu aliwaandikia orodha ndefu ya vyakula vya alsa. Hakuna orodha inayowafaa wote. Kuna vitu vinavyosumbua wengi: vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta mengi, kwa kuwa mafuta huchelewesha mfuko kujimwaga na pia hulegeza msuli wa pete, pombe na sigara, soda, kwa ajili ya gesi yake, kahawa, chokoleti na minti. Nyanya, machungwa, ndimu na pilipili mara nyingi hazifungui msuli wowote, bali huwasha umio ambao tayari umechubuka, kwa hiyo huenda ukazirudia ukishapona. Samaki mbuta wa kukaanga na kachumbari usiku ni balaa kwa mwenye shida yako. Mbuta huyo huyo wa kuchemsha, mchana, huenda ukamla bila kusikia lolote. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili ulichokula, saa ngapi, na usiku ulikuwaje. Wewe ni mwalimu, utalisoma daftari hilo vizuri kuliko mimi.

Maziwa ya kulalia yaache. Yanapopita hupoza kwa dakika kadhaa, kwa hiyo watu huyaamini. Lakini protini na kalisiamu yake huchochea mfuko utoe asidi zaidi, mafuta yake hukaa, na kikombe kikubwa huutanua mfuko uliokwisha kujaa.

Magadi nakukataza kabisa, Mwalimu, na ninakukataza kwa sababu ya presha yako. Yanazima asidi, ndiyo, lakini katika kuizima yanatoa gesi ya kaboni dioksidi inayoutanua mfuko wa tumbo na kufungua msuli ule ule unaotaka ufunge. Kisha yanakuachia sodiamu, ambayo ndiyo iliyo kwenye chumvi uliyoambiwa upunguze. Unga wa baking soda na zile dawa za unga zinazochemka kwenye glasi ya maji zina tatizo hilo hilo. Ukihitaji kitu cha kuzima moto hapo hapo, tumia dawa nyeupe ya maji au ya kutafuna yenye magnesiamu na aluminiamu, na uitenganishe na dawa zako nyingine kwa saa mbili, kwa kuwa inaweza kuzizuia kufyonzwa.

Tukiwa kwenye dawa, angalia hizo mbili ulizozitaja mwishoni kana kwamba hazihusiki. Amlodipine hushusha presha kwa kulegeza misuli laini ya mishipa ya damu. Msuli wa pete wa umio nao ni msuli laini, na kwa watu wengine dawa hii huulegeza pia. Usiiache. Nasema tena, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu presha isiyotibiwa huleta kiharusi bila kukupa kiungulia cha kukuonya. Nenda kliniki unakochukulia dawa, uwaeleze kama kiungulia kilianza au kilizidi baada ya kuanza amlodipine. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na wanaweza kukubadilishia.

Diclofenac ina madhara ya namna nyingine. Inapunguza kemikali zinazouwezesha ukuta wa mfuko wa tumbo kutengeneza ule ute wa kujikinga, na mtu anayeimeza kila siku anaweza kupata kidonda halisi, hata kikavuja damu bila maumivu. Pia hupandisha presha na kuchosha figo. Yaani unameza dawa moja kushusha presha na nyingine inayoipandisha. Kwa goti, jaribu paracetamol, dawa ya kupaka, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na umwone mtu wa mifupa kama halitulii. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha jambo moja tu kwenye barua yako yote, ningeondoa diclofenac hata kabla ya kugusa ratiba ya chakula.

Omeprazole ni dawa nzuri iliyotumiwa vibaya, na kosa hilo nakutana nalo karibu kila kliniki. Haizimi asidi iliyokwisha kutoka. Inafunga pampu ndogo ndani ya seli za mfuko wa tumbo, na inazipata pampu zikiwa kazini tu, yaani chakula kinapofika. Ukiimeza usiku moto umeshawaka, unakuta pampu nyingi zimelala. Meza ya miligramu 20 asubuhi, nusu saa hadi saa moja kabla ya kiamshakinywa, kila siku, kwa wiki 4 hadi 8. Siku mbili tatu za kwanza usitegemee mengi; nguvu yake hujengeka. Ukikaa nayo kwa muda mrefu ukaiacha ghafla, mfuko wa tumbo huweza kutoa asidi kwa wingi kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa, na wengi hudhani ugonjwa umerudi wakainunua tena, mwaka ukapita. Iache kidogo kidogo ukiwa umekwisha kubadilisha saa za kula.

Kuhusu alsa. Kidonda cha tumbo ni kidonda halisi kwenye ukuta wa mfuko au mwanzo wa utumbo mdogo. Maumivu yake huwa kwenye chembe cha moyo, yanauma au kutafuna, mara nyingi bila kupanda kooni. Visababishi vyake vikubwa ni viwili: dawa za jamii ya diclofenac, na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipokitambua kijidudu hicho miaka ya 1980, madaktari wengi walikataa kuamini kuwa kidonda cha tumbo kinaweza kuwa maambukizi. Marshall alikinywa mwenyewe mwaka 1984 ukuta wa mfuko wake wa tumbo ukavimba, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hiki ni cha kawaida sana kwetu. Ndiyo maana kipimo cha damu cha dukani hakinishawishi: kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana nacho, pengine zamani. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho kinachosema kama kipo sasa. Na kukiua hakuponyi kiungulia, kwa sababu kijidudu hicho sicho kinachofungua msuli wa pete. Wewe unatumia diclofenac, kwa hiyo kupimwa kuna maana, lakini usitarajie kwamba jibu lake litatuliza usiku wako.

Kitanda chako kinaweza kukusaidia bila gharama kubwa. Weka vipande vya mbao au matofali imara chini ya miguu miwili ya upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakutoshi, kwani kunakunja kiuno na kulibana tumbo. Lala ubavu wa kushoto. Mfuko wa tumbo umeelekea kushoto, na ukilala hivyo mlango wa umio unabaki juu ya asidi; ukigeukia kulia mlango unazama chini yake. Hukuniambia uzito wako. Kama tumbo limetangulia mbele ya mkanda, kupunguza hata kilo chache kunasaidia kuliko dawa nyingi, na mkanda wenyewe ulegeze baada ya kula. Usiende kuinama shambani ukiwa umeshiba. (Kama kuna mwalimu mwenzako mjamzito mwenye shida hii, mwambie asiogope: homoni ya projesteroni hulegeza msuli wa pete na mtoto husukuma kutoka chini, na kwa wengi huisha akijifungua. Dawa amuulize mkunga wake kwanza.)

Sasa saratani. Ya umio ina aina kuu mbili. Moja huota sehemu ya chini ya umio, mahali ambapo asidi imeunguza kwa miaka mingi hadi ngozi yake ikabadilika ikafanana na ya utumbo. Mabadiliko hayo huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, mpasuaji wa London aliyeandika juu yake mwaka 1950. Hiyo ndiyo aina iliyoongezeka Marekani na Ulaya Magharibi, na hata huko, wengi mno wa wenye kiungulia hawaipati kamwe. Aina ya pili huota kwenye zile seli bapa za kawaida zinazofunika umio, na ndiyo inayotawala Kenya. Ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa aina hii kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewatibu kwa miaka mingi, wakiwemo vijana wasiofika miaka 30. Wengi hufika chakula kikiwa kimekataa kupita, wakawekewa mrija wa nyavu za chuma wa kupanua njia ili waweze angalau kumeza uji.

Aina hii inahusishwa na tumbaku, na pombe, chang'aa na busaa zikiwemo, na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Chai yetu huchemshwa na maziwa kwenye sufuria, ikamiminwa moja kwa moja kwenye themosi, na mgeni hukaribishwa ikiwa bado inafuka. Nakuomba uiache ipoe kwanza, nyumbani na kwenye chumba cha walimu. Majani ya chai hayana lawama hapa, ni moto wake. Na kwa kuwa baba mdogo aliugua, waambie ndugu zako pia, hasa wanaokunywa chang'aa na kuvuta.

Dalili ambazo hazisubiri dawa wala daftari ni hizi: nyama au ugali kukwama kifuani, hata kama uji na chai vinapita, maumivu unapomeza, kukonda bila kutaka, kutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, choo cheusi kama lami, na upungufu wa damu usio na sababu. Kukwama ndiyo dalili ninayoihofia zaidi hapa kwetu, kwa sababu watu huizoea. Wanaacha nyama, kisha wanaacha ugali, wanahamia kwenye uji, na miezi inapita kabla hawajamwambia mtu. Ukianza kusukuma matonge kwa maji, usingoje muhula uishe.

Kuna dharura nyingine unayopaswa kuijua, ukiwa na miaka 46 na presha. Umio umepita nyuma ya moyo na neva zao huingia kwenye uti wa mgongo karibu pamoja, hivyo ubongo hushindwa kutofautisha maumivu yao. Kifua kikibana ukipanda mlima au ukitembea haraka, kikatulia ukipumzika, au maumivu yakaja na jasho baridi, pumzi kukata, au yakaenda begani, mkononi au tayani, hicho usikiite kiungulia. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hakuna kati ya hayo, fanya niliyokuandikia kwa wiki nane. Sauti ikiendelea kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, pimwa koo lenyewe, hata kama kifua kimetulia. Na kifua kikiendelea kuwaka ilhali umemeza omeprazole ipasavyo, wakati huo utahitaji kamera ya umio. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ile wenyeji wanayoiita Russia, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret wanaifanya. Utafunga kula kwa saa sita hadi nane, watakupulizia dawa ya ganzi kooni, na kamera yenyewe huchukua dakika chache. Beba pakiti za dawa zote, ya presha, ya goti na ya asidi, na uandike tarehe ya mwisho uliyomeza omeprazole. Wakitaka kupima kile kijidudu, omeprazole inatakiwa iwe imeachwa kwa wiki mbili na antibayotiki kwa wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema hakipo na kumbe kipo.